UZI: Reli ndogo nyumbani kwenye stoo ya mita 3 kwa 2.4, nilivyoanza, nilipokosea na namna ya kuandaa sehemu yako

Kota_Namba7 (#1)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Wiki iliyopita kwenye uzi wa SGR niliweka picha ya kibehewa cha katani nilichotengeneza kwa mkono, inboksi ikajaa, watu wanauliza hii kitu inawezekanaje bongo, chumba kinatakiwa kiwe na ukubwa gani, vifaa vinatoka wapi. Nimeona nifungue uzi kabisa. Naandika kwa simu so nitaleta vipande vipande, mnivumilie.

Kwa asiyejua, naongelea reli za modeli, yaani unatengeneza stesheni, njia, pointi (pale njia inapogawanyika), mabehewa na kichwa cha treni kwa kipimo kilichopunguzwa sawasawa na kinatembea kwa umeme mdogo wa kwenye reli zenyewe. Wenzetu Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani wanayo hii hobi muda mrefu sana, kampuni ya Märklin ilianza kuuza treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalum mwaka 1891, na Wamarekani wana chama chao cha NMRA tangu 1935 ambacho ndo kinapanga vipimo ili gurudumu la kampuni hii liingie kwenye reli ya kampuni ile.

Mimi nimekulia kota za reli Morogoro, mzee wangu alikuwa fundi karakana ya vichwa. Sauti ya injini inayoachwa inanguruma usiku kucha ndo ilikuwa inanilaza. Kota hazipo kama zilivyokuwa, mabehewa ya zamani mengi yamekatwa chuma chakavu, picha zipo chache na nyingi zimepigwa na wageni. Nilitaka mwanangu aone stesheni ya geji ya mita (geji ni upana kati ya reli mbili) ilivyokuwa miaka ya 80, behewa la gadi, marobota ya katani yakipakiwa, pointimani na taa yake. Hiyo ndo sababu yangu na sina nyingine.

Sasa nianze na kosa maana ndo limenifundisha zaidi.

Mwaka juzi nilinunua plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4, nikaiweka juu ya miguu ya mbao katikati ya stoo kama meza ya pool, nikazungusha reli ya duara. Picha zote unazoona mtandaoni ni hivyo so nikajua ndo utaratibu. Matokeo yake stoo ina mita 3 kwa 2.4 na ile meza ni mita 2.44 kwa 1.22, mlango unafunguka nusu, upande wa ukutani siwezi kufika. Treni ikianguka kule katikati inabidi nipande kwenye kigoda nilalie tumbo, nikilalia navunja kingine. Halafu masika ikaingia. Plaiwudi niliyoipaka rangi upande wa juu tu ikanyonya unyevu upande wa chini, ikapinda kama kibati cha mgongo, pima maji ikawa inaonyesha kila kona na habari yake. Na miguu ya mbao mchwa wakapanda. Miezi saba ya kazi nikaibomoa yote siku moja.

So kabla hujawaza treni, waza mkono wako. Mkono wa mtu mzima unafika vizuri sentimita 60, ukijinyoosha sana 75. Hakuna sehemu ya reli inatakiwa kuwa mbali kuliko hapo. Ukishika hilo unagundua huhitaji chumba, unahitaji UKUTA. Ubao wa upana wa sm 40 unaopita ukutani unakupa reli ndefu zaidi kuliko ile meza na katikati ya chumba unapita na kuzungusha kiti.

Ngoja nipumzike, nakuja na vipimo.

Binti_Ruvu (#2)

Nimeweka kambi hapa. Kaka endelea, mimi ni mama wa watoto watatu na mkubwa ana miaka 9 hasikii haoni kwa treni, tangu tupande ya umeme kwenda Dodoma kila boksi ndani ni behewa. Naomba ukifika kwenye gharama na usalama uwe muwazi.

Kota_Namba7 (#3)

Dada usijali nitafika huko.

VIPIMO. Hapa watu wengi wanapotea kwa sababu wananunua kwanza halafu ndo wanauliza. Skeli maarufu duniani ni HO, maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 87. Reli ya SGR ni milimita 1,435, gawa kwa 87 unapata 16.5, na hiyo ndo reli ya HO inayouzwa kila mahali. Kwa hiyo mtu anayetaka kutengeneza SGR yetu amerahisishiwa, reli na pointi zipo tayari madukani huko nje.

Lakini reli yetu ya kati ya TRC ni geji ya mita, milimita 1,000. Gawa kwa 87 unapata 11.5. Na TAZARA ni 1,067, gawa kwa 87 unapata 12.26. Sasa angalieni hapa maana mimi siku naipiga hii hesabu nilisimama: kuna reli inauzwa ya milimita 12, wanaiita HOm, imetengenezwa kwa ajili ya treni nyembamba za milimani Uswisi. Iko katikati ya geji zetu mbili! Reli hiyo hiyo ukiweka kichwa cha TRC ni sawa, ukiweka cha TAZARA ni sawa. Kule Kidatu kwenye uhalisia mizigo inahamishwa toka behewa hadi behewa kwa sababu reli hazifanani upana, mezani kwako zinapita njia moja.

Kingine, skeli nyingine inaitwa TT, wao wanagawanya kwa 120, na reli yao ya kawaida nayo ni milimita 12 hiyo hiyo. Treni za TT zimejaa Ujerumani hasa ile iliyokuwa Mashariki, za mtumba bei ya kawaida. So mimi nachukua kichwa cha TT, natoa bodi, nabaki na chasisi yenye mota na magurudumu, halafu najenga bodi ya kichwa cha TRC kwa kipimo cha 87 juu yake. Hakuna kiwanda kinachonitengenezea kichwa cha TRC so natengeneza mwenyewe. Bodi nakata kwenye zile shiti nyeupe za plastiki wanazotumia watengeneza mabango, vipande vyao vinavyobaki wananipa bure au kwa hela ya soda.

Mwenye sehemu ndogo kabisa kuna N, inagawanywa kwa 160, SGR inakuwa milimita 9. Inaingia kwenye rafu ya vitabu kabisa. Shida yake kwa mtu wa kujenga mwenyewe ni udogo, macho yangu na vidole vyangu havijaiweza.

MsafiriWaElbe (#4)

Mkuu salute. Mimi niko Hamburg mwaka wa kumi na moja sasa na sikuwahi kufikiria kuna mtu nyumbani anafanya haya. Hapa kuna sehemu inaitwa Miniatur Wunderland, mapacha wawili Frederik na Gerrit Braun waliianzisha 2001 kwenye maghala ya zamani ya bandari, yote skeli ya HO, ina zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo. Nimepeleka kila mgeni wangu toka Tanzania na wote wanatoka kimya.

Nimesoma hesabu zako nikapiga na yangu. Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya km 1,250. Gawa kwa 87 ni km 14 na kidogo. Yaani wale jamaa wangeamua, reli ya kati yote ingeingia mle kipimo kwa kipimo, kila karavati.

Vifaa vya TT vya mtumba huku kuna minada ya treni karibu kila mwezi wa baridi, watu wanauza kwenye meza, unajaribu hapo hapo. Nitafute inboksi, nikija Disemba nakubebea.

Kota_Namba7 (#5)

@MsafiriWaElbe umenifanya nikae chini. Ubarikiwe sana, nimekuja inboksi.

Naendelea, KUANDAA CHUMBA. Hii ndo sehemu ambayo ningeomba msome polepole.

Kwanza nilitoa kila kitu stoo, nikaziba. Vumbi ndo adui namba moja wa treni ndogo kuliko hata umeme, kwa sababu gurudumu linachukua umeme kwa kugusa reli, vumbi likikaa katikati treni inashtuka shtuka na kusimama. Dirisha langu lilikuwa la vioo vya kufungua vile vya kulala, nikaweka neti laini na nikaziba nyufa za juu ya ukuta chini ya bati. Dari nilipiga jipsamu, maana bila dari joto la bati mchana halivumiliki na mijusi kafiri wanaishi juu yako. Kinyesi cha mjusi kikikauka juu ya reli kinakula chuma na kinaacha doa, mimi kila nikimaliza nafunika yote na shuka jepesi. Sakafu nilipaka rangi ya sakafu kwa sababu saruji tupu inatoa unga kila ukifagia.

Pili fremu. Sikurudia mbao. Nilienda kwa wachomeleaji nikawaambia wanitengenezee braketi za pembetatu kwa skwea paipu ya inchi moja, saba jumla, kila baada ya sm 60, zimefungwa ukutani kwa skrubu ndefu na plagi. Chuma hakipindi na masika, mchwa hawali, na chini panabaki wazi hakuna mguu wa meza, maboksi yanakaa huko. Juu yake nikaweka plaiwudi ya milimita 12 iliyokatwa vipande vya sm 40, nikaipaka rangi PANDE ZOTE sita, juu, chini na kingo, mikono miwili. Kingo ndo zinakunywa maji kuliko pande zote so msizisahau.

Urefu toka sakafuni nimeweka sm 120. Nikisimama naiona treni kwa pembeni kama mtu aliyeko jukwaani, siioni kwa juu kama ndege. Kama ni ya mtoto shusha mpaka 80 au 90 maana hakuna raha mtoto kunyanyuliwa kila dakika.

Umbo ni L, ukuta mmoja mita 3 na mwingine mita 1.6. Kona nimeikata mshazari ili kona ya reli iwe na nusu kipenyo cha sm 60. Vichwa vya HOm vinapita hata kwenye sm 35 ila behewa refu kwenye kona kali linatokeza nje linaonekana vibaya.

Taa: usiweke globu moja katikati, utakuwa unafanya kazi kwenye kivuli chako. Mimi nimepitisha taa za mkanda za LED juu kwa mbele, zimefichwa na ubao mwembamba, nyeupe ya kawaida sio ile ya bluu bluu ya hospitali.

Fundi_Umeme_Moro (#6)

Kaka kazi nzuri. Nauliza kwenye nyaya, umetumia waya gani? Na joto la stoo reli haijipindi? Reli kubwa huwa zinapinda kwa jua.

Kota_Namba7 (#7)

Swali zuri. Reli ndogo hizi ni aloi ya nikeli na shaba, kipande cha mita 3 joto likipanda nyuzi 15 kinarefuka chini ya milimita 1. Ni kidogo lakini kikikosa pa kwenda kinasukuma kona, so kila kiungo cha tatu naacha nafasi ya unene wa kadi ya vocha. Mbao ndo inasumbua kuliko reli, inavimba na kusinyaa na unyevu, ndo maana ya ile rangi pande zote.

Msinunue reli za shaba ya njano hata mkipewa bure. Kutu yake haipitishi umeme, kwa unyevu wa Moro au chumvi ya Dar mtakuwa mnasugua kila siku. Na msisugue na msasa, mikwaruzo inakamata uchafu zaidi, tumia kitambaa na spiriti ya aina ya aisopropaili.

Nyaya: chini ya ubao nimepitisha waya mbili za nyumba za milimita 1.5, nyekundu na nyeusi, mwanzo mpaka mwisho, hiyo ndo barabara kuu ya umeme. Toka hapo kila kipande cha reli kina vinyaya vyake viwili vidogo vilivyolehemiwa. KILA KIPANDE. Usitegemee vile viunganishi vya chuma vinavyoshika reli na reli, leo vinapitisha kesho vinalegea, na ukishamwaga kokoto na gundi juu hutajua tatizo liko wapi. Chuma cha kulehemu kiwe na joto la kutosha uguse haraka utoe, ukichelewa mataruma ya plastiki yanayeyuka.

Kuendesha natumia DCC. Zamani unaongeza na kupunguza volti kwenye reli na treni zote zilizopo zinatembea pamoja. DCC inaweka umeme uleule muda wote halafu inatuma amri, kila kichwa kina dekoda ndani na namba yake, kinasikia amri yake tu. Boksi la kuendesha la dukani ni ghali so nimetumia mfumo wa bure unaitwa DCC-EX, unataka Arduino Mega (bodi ndogo ya kompyuta) na bodi ya mota juu yake, halafu simu ya Android ndo rimoti kupitia waifai. Ukizidi volti 12 hakikisha umekata ile njia ya Vin kati ya bodi mbili, vinginevyo unapeleka umeme wa reli kwenye Arduino na unaiunguza.

Kipimo cha mwisho kabla hujaweka kichwa chochote: chukua sarafu ya mia mbili, lalisha juu ya reli mbili kila baada ya nusu mita. Kila mahali mfumo unatakiwa ujizime wenyewe papo hapo. Sehemu usipojizima waya wako ni mwembamba au kiungo kibovu, siku treni ikianguka hapo umeme utaendelea kupita na plastiki itayeyuka.

Fundi_Umeme_Moro (#8)

Hiyo ya sarafu nimeipenda, ni kama tunavyotesti breka. Naongezea, umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na kishindo, weka kilinda umeme kwenye soketi ya stoo na usiache adapta zimechomekwa ukilala. Mimi ningefunga pia swichi moja kubwa mlangoni inayozima kila kitu cha treni kwa pamoja, ukitoka unapiga moja unaondoka.

Kota_Namba7 (#9)

Ya swichi ya mlangoni sikuwa nayo. Naiweka wiki hii, ahsante fundi.

Voi_Junction (#10)

Niaje wadau, nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi naishi bedsitter, stoo hata sina, lakini nimejaribu kitu kama hicho kwa skeli ya N. Nimetengeneza rafu ya mita 1.2 kwa sentimita 25, imefungwa na bawaba juu ya kitanda, nikimaliza naikunja inakaa ukutani kama kabati. Kile muhimu kwa ya kukunja ni mabehewa yote yatoke kwanza na yawekwe kwa boksi, sponji iliyokatwa umbo lake.

Ndoto yangu ni zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 za EAR, yaani East African Railways. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester 1955 na 1956, kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja, 5918 Mount Gelai, iko Railway Museum hapa Nairobi na unaweza ukaipanda. Nimeenda mara nne na tepu na daftari, walinzi sasa wananijua. Magurudumu yamegawanyika mafungu mawili, mbele na nyuma, na boila moja imebebwa katikati yao, kwa hivyo licha ya ukubwa ile mashine inajikunja kwa kona vizuri kuliko injini ndefu ya kawaida. Hata kwa modeli ni hivyo.

Swali langu, kwa hiyo L yako treni inazunguka wapi? Si inafika mwisho inakwama?

Kota_Namba7 (#11)

@Voi_Junction kaka mara nne na tepu, wewe ni mwenzangu kabisa. Ukimaliza michoro ya 59 tafadhali iweke humu, watoto wetu wataihitaji.

Haizungukii popote, na hapo ndo raha ilipo. Treni inayozunguka duara unaiangalia dakika kumi umeizoea. Mimi nafanya shanti, yaani kuvuta na kusukuma mabehewa kuyapanga kwenye njia zake. Kuna Mwingereza Alan Wright aliwahi kubuni mpangilio wa njia unaitwa Inglenook, una pointi mbili tu. Njia moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba 3 kila moja, na njia ya kuvutia inabeba kichwa na mabehewa 3. Unaweka mabehewa 8, unachanganya vikaratasi vya namba, unachagua 5, na lazima uyapange kwenye njia ndefu kwa mfuatano huo huo uliotoka. Piga hesabu, mifuatano iko 6,720. Mwanangu ana miaka 11 na tunakaa saa nzima hatujamaliza ya pili.

Kwa mabehewa yangu ya sm 15 yote inaingia kwenye mita 1.8 hivi. Mwenye chumba cha kupanga Tabata au Tandale anaiweka juu ya kabati la nguo. Akihama anahama nayo. Mimi nilianza na hicho kipande kwenye ukuta mrefu, kikatembea vizuri miezi mitatu, ndo nikaongeza kona.

Madaraja na treni kupita juu ya nyingine nimeviacha kwa sasa. Mteremko salama ni sm 2 kwa kila mita, na ili treni ipite juu ya nyingine unahitaji kama sm 8, hiyo ni mita 4 za kupanda na nyingine 4 za kushuka. Sina mita 8.

Binti_Ruvu (#12)

Kaka usalama na gharama bado hujagusa. Huyu wangu nikimwachia hicho chuma cha kulehemu nitakuwa na amani kweli?

Kota_Namba7 (#13)

Dada samahani, nilikuahidi.

Umeme wa kwenye reli kwa HO ni volti kama 12 mpaka 15, akishika hapati shoti. Hatari iko kwenye adapta na soketi, hivyo viwe juu asipofika. Kulehemu afanye mkubwa mpaka mtoto afike miaka 12 hivi na uwe umesimama pembeni, dirisha wazi, nunua waya wa kulehemu usio na madini ya risasi, na kunawa mikono kabla ya kula ni lazima hata kwako. Zile spiriti zifungwe kabatini.

Gharama nitasema hivi, kichwa kimoja kipya cha HO chenye dekoda kinaweza kuvuka dola 200, na kwa hela hiyo mimi nilipata chasisi mbili za mtumba na pointi tatu. Fremu, plaiwudi, rangi na taa vyote vya hapa hapa havikufika bei ya hicho kichwa kipya. Kwa miaka 9 ningeanza bila kichwa kabisa. Mwekee ubao wa mita moja, atengeneze stesheni na mabehewa kwa boksi la unga wa uji, afundishwe kupima kwa rula na kugawa kwa 87. Hiyo kugawa peke yake wangu imempandisha hesabu. Kichwa kije baadaye kama zawadi.

Na MANDHARI anaweza kufanya yote mwenyewe, hii sehemu ndo bure kabisa na ndo naipenda kuliko zote. Udongo wangu mwekundu nimeuchota pembeni ya barabara ya kwenda Kilosa. Unauchekecha kwa chujio la chai, unaukaanga kwenye kikaango kikavu kufa wadudu na mayai yao, halafu UNAUPITISHIA SUMAKU mara nyingi kwenye karatasi. Udongo wetu una chembe nyingi za chuma, mara ya kwanza sumaku ilitoka na ndevu nyeusi nikashangaa. Usipozitoa zinarukia mota za treni na kuziua. Kokoto ni vumbi la mawe la kwenye matofali, nalo chekecha na sumaku.

Unamwaga kavu, unasawazisha kwa brashi, unanyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi isijikusanye vidonge, halafu unadondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usiku mmoja imekuwa mwamba.

Nyasi kavu za kiangazi natumia kamba ya katani yenyewe, nakata vipande vya milimita 8, nasimamisha kwenye gundi. Kimamba na mashamba ya katani ya Kilosa ndo niliyoyakusudia pale, basi nyasi zake ni katani ya kweli. Mibuyu ni mizizi ya mti niliokuta umeng'olewa na mafuriko. Ukuta wa nyuma nimepaka Uluguru kwa rangi za ukutani, bluu hafifu sana na ukungu chini, milima isipige kelele kuliko treni.

Gadi_Mstaafu (#14)

Wanangu nawasalimu. Kijana wangu amenionyesha picha za stesheni ya Namba 7 jana nikamwambia anisajili humu. Nimefanya kazi reli miaka 31, kwanza pointimani halafu gadi, Morogoro, Dodoma, Tabora.

Namba 7, umefanya kazi nzuri, behewa la gadi liko mahali pake nyuma kabisa na taa yake nimeiona. Lakini nina mambo matatu. La kwanza njia yako ya kupakilia katani inaingia moja kwa moja kwenye njia kuu. Haiwezekani. Pale lazima iwepo pointi ya kuangusha, behewa likikimbia lenyewe linaangukia mchangani pembeni kabla halijafika njia kuu na kukutana na treni. La pili, unapoacha behewa ulisiache tu. Pointimani anafunga breki ya mkono, anaweka kigingi cha mbao chini ya gurudumu, ndipo anakata. Basi kwenye mchezo wenu na mtoto mhesabu kumi kila mnapokata. Wengine walifanya haraka na tuliwazika. La tatu, treni haitoki stesheni mpaka stesheni masta wa mbele amekubali kuipokea. Njia ni moja, na hakuna mtu alikuwa anaendesha kwa kuona.

Marobota ya katani pia umeyapanga marefu. Yalikuwa mafupi, mazito, yamefungwa kwa kamba ya katani hiyo hiyo.

Kota_Namba7 (#15)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu na nimemwita mama naye asome. Pengine ulifanya kazi na mzee wangu, naomba niruhusu nije inboksi.

Pointi ya kuangusha nilikuwa sijui kabisa, kwenye picha za zamani nilikuwa naona kile kireli kifupi nikadhani ni njia iliyong'olewa. Naitengeneza, hata kama ni ya kuonekana tu. Ya kuhesabu kumi tumeanza jana usiku, mwanangu ndo anahesabu na hakubali nikate kabla. Marobota nayavunja nafanya upya, nipe kipimo cha moja kwa kadiri unavyokumbuka, hata kwa kuonyesha kwa mkono kijana akapiga picha.

Gadi_Mstaafu (#16)

Marahaba. Kimo cha goti mpaka kiunoni, na ni zito kulinyanyua. Njoo, namba ya kijana atakupa.

MsafiriWaElbe (#17)

Huyu mzee jamani. Mzee shikamoo.

Nilikuwa na wazo. Huku kuna umoja unaitwa FREMO, kila mtu anajenga kipande chake nyumbani ila mwisho wa kila kipande una kipimo kimoja walichokubaliana, upana wa ubao, urefu toka chini na reli inapotokea. Mara chache kwa mwaka wanakodi ukumbi, wanaunganisha, linakuwa reli moja la kuzunguka ukumbi mzima, na wanaendesha kwa ratiba na stesheni masta wao wakipigiana simu kama mzee alivyosema. Mtu mwenye chumba kidogo anakuwa na reli ya mita mia kwa siku mbili. Sisi hatuwezi?

Voi_Junction (#18)

Mimi niko ndani. Hata niache N nianze HOm upya, reli ya mita ilikuwa ya shirika letu moja la EAR mpaka 1977.

Binti_Ruvu (#19)

Mtoto wangu ameniambia niandike kwamba atatengeneza Ruvu, kwa sababu hapo ndo njia ya Tanga inapochepukia. Naomba vipimo vya mwisho wa ubao, fundi wa mbao anakuja kesho kutwa.

Kota_Namba7 (#20)

Haya wakuu, tukubaliane hivi na asiyeridhika aseme kabla sijakata: upana wa ubao mwishoni sm 40. Juu ya reli mpaka sakafuni sm 120, miguu iwe na skrubu chini za kupandisha na kushusha sm 2 maana sakafu za kumbi hazilingani. Reli moja tu inatokea, katikati, sm 20 toka ukingo wa mbele, inyooke sm 10 za mwisho na iishie milimita 1 kabla ya ukingo. Matundu mawili ya bolti ya milimita 10, kila moja sm 10 toka pembeni na sm 5 toka juu. Waya nyekundu ni reli ya mbele, nyeusi ya nyuma, ukiwa umesimama upande wa mtazamaji.

Binti_Ruvu mwambie kijana Ruvu ni yake, hakuna mwingine ataichukua. Asisahau anahitaji mwisho wa TATU kwa upande wa Tanga. Kwa ajili yake miguu ya nyumbani iwe ya sm 85 na siku ya kuunganisha tunamwekea vipande vya kuongezea.

Mimi Jumamosi nashinda kwa mzee, Jumapili naanza pointi ya kuangusha.